Lugha ya Upangaji: Jinsi Mwanafunzi Anavyoweza Kuchagua Makazi Nafuu Karibu na Chuo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi wa chuo kikuu anavyoweza kuchagua makazi nafuu nje ya chuo kwa kuizingatia lugha inayotumiwa katika shughuli ya upangaji. Hoja yetu kuu ni kwamba unafuu wa chumba haujulikani kutokana na kodi inayotajwa peke yake. Unajulikana kutokana na maneno yanayoizunguka kodi hiyo: yaliyoandikwa kwenye tangazo, yaliyonyamaziwa, na yale ambayo hatimaye hutiwa saini. Uchanganuzi umeongozwa na kanuni za mazungumzo za mwanafalsafa H. P. Grice (1975), na mifano imefungwa katika mitaa inayopakana na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwishoni tumependekeza kielelezo cha hati ya mapatano kwa Kiswahili pamoja na maswali ya mjadala.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo kikuu ameitii methali hii katika suala la makazi. Muhula unafunguliwa Jumatatu, naye anawasili Jumapili jioni na godoro begani, anaingia katika ploti ya kwanza anayoonyeshwa, analipa, analala. Kuchagua anakuona kuwa anasa ya wenye nacho. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Mwenye nacho anaweza kukosea akahama kesho yake. Asiye nacho akikosea hulilipia kosa hilo muhula mzima. Kwa hivyo, ni yeye hasa anayepaswa kuchagua.

Nianze kwa kisa changu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili nilipanga chumba katika ploti moja isiyo mbali na chuo. Siku ya kuingia nilitoa shilingi 9,000: nusu yake ilikuwa kodi ya mwezi wa kwanza, na nusu ya pili nilijiambia moyoni kuwa ni amana. Msimamizi aliniandikia risiti kwa mkono: "Kodi 4,500. Ya kuingilia 4,500." Niliikunja risiti ile nikaitia ndani ya kamusi, nikashukuru kwamba nimepewa maandishi. Mwaka wa masomo ulipokwisha nilimwendea mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, mpole wa maneno.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua ile amana yangu."

"Marahaba. Amana gani, mwanangu? Hebu lete risiti."

Aliisoma, akanirudishia. "Hapa pameandikwa ya kuingilia. Umeingia, umekaa. Kwani si wewe uliyeniambia kuwa unasomea Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Fedha hizo ndizo nilizozitegemea kupata chumba kingine muhula uliofuata. Kwa kuzikosa, nililala wiki tatu sakafuni kwa rafiki, nikiandika tasnifu yangu juu ya sanduku la nguo. Sidai kwamba mama yule alinidanganya. Kwa mujibu wa karatasi, kauli yake ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyelitwisha neno maana ambayo halikuwa nayo. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana silaha ambayo wenzake wengi hawana, ila huiacha darasani.

2.0 Usuli: Mwanafunzi Alivyotoka Bwenini

Ili tulielewe tatizo, ni muhimu turejelee historia kwa ufupi. Mahali kilipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, eneo la Kahawa, palikuwa kambi ya jeshi la Uingereza iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 na kugeuzwa kuwa chuo. Mwaka 1985 chuo hicho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Katika enzi hizo mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alitarajia kulala bwenini, na serikali ilimpa posho ambayo wanafunzi waliiita bumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 posho hiyo iliondolewa katika mpango wa kugawana gharama, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kama HELB. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi kuliko vitanda.

Matokeo yake yanaonekana nje ya malango. Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, ng'ambo ya Barabara Kuu ya Thika, pamoja na Kiwanja, ambako wanafunzi hupaita KM, ni mitaa ambayo sehemu kubwa ya maisha yake hufuata kalenda ya chuo. Hali si tofauti Juja, Njoro, Maseno wala Kesses. Palipo na chuo, ploti huota.

Mitaa hii ni uwanja muhimu wa isimujamii. Mwenye nyumba anaweza kuwa Mkikuyu, msimamizi akawa Mkamba, na mpangaji akawa Mjaluo au Mtaita. Wote hukutana katika Kiswahili. Bei hutajwa kwa Kiswahili, malalamiko hutolewa kwa Kiswahili, na hata ugomvi huamuliwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, palipo na mkataba uliochapishwa, aghalabu huwa wa Kiingereza, nao husainiwa kwa haraka huku godoro likingoja mlangoni. Palipo na risiti tu, huwa ni maneno mawili matatu ya msimamizi. Ahadi, basi, hutolewa katika lugha moja na kufungwa katika nyingine, na mpangaji hubaki kati.

3.0 Kusoma Tangazo

Grice alieleza kwamba wazungumzaji hushirikiana kwa kufuata kanuni nne: kutoa taarifa za kutosha bila kuzidisha wala kupunguza, kusema kweli, kusema linalohusika, na kusema kwa uwazi. Tukilipima tangazo la upangaji kwa kanuni hizi, tutaona kuwa kanuni ya ukweli huvunjwa mara chache kuliko tunavyodhani. Kanuni inayoteseka ni ile ya kiasi. Bango husema kweli tupu, kisha hunyamaza pale ambapo fedha zako zinaanza kutoka.

Tutazame tangazo lifuatalo, ambalo tumelitunga kwa kufuata mtindo wa mabango ya mitaani:

"Vyumba vipo. Maji na stima zipo. Karibu na chuo. Usalama wa kutosha. Bei poa."

(a) Maji yapo. Hapa sarufi ya viambishi vya mahali ina manufaa makubwa. Twafunza kwamba -po huonyesha mahali dhahiri, -ko mahali pasipo dhahiri, na -mo ndani ya kitu. Tangazo limesema maji yapo, halikusema yamo. Swali la kwanza la mpangaji basi liwe: maji yamo chumbani au yako uani? Swali la pili: yanatoka siku ngapi kwa wiki? La tatu: ni ya mfereji, ya kisima au ya boza? Maji ya kisima huweza kuwa na chumvi, na mpangaji akalazimika kununua mtungi mwingine wa kunywa na kupikia. Kiambishi kimoja chaweza kuwa na thamani ya mamia ya shilingi kila mwezi.

(b) Stima. Je, chumba kina mita yake ya tokeni, au vyumba kadhaa vinatumia mita moja na gharama kugawanywa sawasawa? Katika mgawo wa sawasawa, mwenye taa moja humlipia mwenye jiko la umeme. Uliza pia kama mita ya chumba ina deni lililoachwa na mpangaji aliyetangulia.

(c) Karibu na chuo. "Karibu" ni neno linalotegemea mzungumzaji. Msimamizi anapokwambia dakika tano, pengine anahesabu mwendo wa bodaboda. Chuo nacho kina malango zaidi ya moja, na kilicho karibu na lango moja chaweza kuwa mbali na ukumbi wako wa mihadhara. Njia bora ni kutembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi darasani, na kutembea tena saa ile utakayokuwa ukitoka maktabani usiku. Njia iliyo fupi adhuhuri huenda isipitike saa tatu usiku.

(d) Usalama wa kutosha. Kutosha kwa nani? Kuna lango, mlinzi, taa ya nje na kufuli imara? Lango hufungwa saa ngapi? Lango linalofungwa saa tatu usiku ni usalama kwa mwenye duka, lakini kwa mwanafunzi anayesoma maktabani hadi saa nne ni adhabu.

(e) Bei poa. Kivumishi hiki hulinganisha bila kutaja kinacholinganishwa. Sehemu ya nne imejitolea kulijibu swali hili.

Aidha, majina ya vyumba yenyewe yahitaji kuelezwa. "Singo" kwa kawaida ni chumba kimoja chenye choo na bafu vya pamoja nje. "Bedisita" ni chumba chenye pembe ya kupikia na choo ndani. Hata hivyo, mipaka ya majina haya hunyumbuka kwa kadiri ya mwenye kuyatumia. Usipange jina, panga chumba ulichokiona kwa macho.

Tunapendekeza chumba kitembelewe mara tatu: mchana, usiku, na baada ya mvua. Mchana utaona rangi, usiku utaona taa na kusikia kelele, na baada ya mvua utaiona njia pamoja na dari. Katika kila ziara zungumza na wapangaji waliopo, kwa sababu wao hawana cha kuuza. Dalali anayedai ada ya kutazama chumba kabla hujakiona, au anayetaka fedha zitumwe kwa simu ili "akushikie nafasi", mwepuke. Kuuliza si ujinga, na kukataa si utovu wa adabu.

4.0 Kupima Unafuu

Kosa linalotendwa na wengi ni kulinganisha kodi kwa kodi. Tuchukue mfano wa kubuni wa vyumba viwili. Chumba cha kwanza kiko mbali. Mpangaji hupanda matatu siku 20 kwa mwezi kwa shilingi 100 kwenda na kurudi, na hununua maji. Chumba cha pili kiko hatua chache kutoka langoni, na kodi yake imejumuisha maji na ukusanyaji wa taka.

Jedwali la 1: Gharama ya mwezi mmoja (shilingi)

Kodi: chumba cha kwanza 4,000, chumba cha pili 5,800
Nauli: chumba cha kwanza 2,000, chumba cha pili 0
Maji: chumba cha kwanza 600, chumba cha pili 0
Taka: chumba cha kwanza 100, chumba cha pili 0
Stima: chumba cha kwanza 300, chumba cha pili 300
Jumla: chumba cha kwanza 7,000, chumba cha pili 6,100

Chumba kilichoonekana rahisi kwa shilingi 1,800 kimegeuka kuwa ghali kwa shilingi 900. Kwa muhula wa miezi minne, tofauti hiyo ni shilingi 3,600. Msomaji aweke bei za mtaa wake mahali pa bei zetu; huenda matokeo yakawa tofauti, lakini utaratibu ni ule ule.

Yafaa hapa tukiri ugumu ambao hesabu pekee haiuondoi. Ikiwa kila mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana inayolingana nayo, chumba cha kwanza kinataka shilingi 8,000 siku ya kuingia, na cha pili kinataka 11,600. Mwanafunzi mwenye shilingi 9,000 mkononi hana budi kuingia katika chumba kilicho ghali zaidi, kwa sababu tu mlango wake ni mwepesi kufunguka. Hivi ndivyo umaskini unavyomtoza mtu zaidi. Anayejua jambo hili mapema anaweza kuomba amana ilipwe kwa awamu mbili, au kuanza kutafuta chumba wiki kadhaa kabla ya muhula, wakati mwenye nyumba ana vyumba vitupu na sikio la kusikiliza. Anayefika Jumapili jioni hana la kujadili.

Mambo mengine mawili hayapaswi kusahauliwa. La kwanza ni likizo. Chumba cha shilingi 5,800 kikilipiwa miezi 12 ni shilingi 69,600; kikilipiwa miezi minane ya masomo ni 46,400. Tofauti ni shilingi 23,200. Baadhi ya wenye nyumba hukubali nusu kodi wakati wa likizo ili wasimpoteze mpangaji, lakini hawakubali kwa asiyeuliza. La pili ni tarehe. Mkopo huja kwa awamu, na mara nyingine huchelewa. Kodi hudaiwa kila mwanzo wa mwezi. Mweleze mwenye nyumba hali hiyo kabla ya kuingia, si siku utakapokuta kufuli mlangoni.

5.0 Istilahi Zinazobeba Fedha

5.1 Kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha

Katika mazungumzo ya Wakenya wengi, "nataka kukodisha nyumba" hutumiwa na mtu asiye na nyumba kabisa. Kauli ya kutendesha yageuza uhusiano: anayekodi au anayepanga ndiye anayelipa na kukaa, anayekodisha au anayepangisha ndiye mwenye mali. Katika maongezi ya kawaida muktadha huokoa maana. Katika hati, muktadha haupo. Sentensi kama "fulani amekodisha chumba hiki" huwaacha wasomaji wawili wakiwa na maana mbili zinazopingana. Zaidi ya hayo, ipo hatari ya mpangaji kumpangisha mwanafunzi mwingine chumba bila idhini. Anayekupa ufunguo ni mwenye kupangisha, au naye ni mpangaji kama wewe?

5.2 Amana, arbuni na "ya kuingilia"

Maneno haya matatu yote hutajwa siku ya kwanza, na yote hutoa fedha mfukoni. Hata hivyo, kimaana yanatofautiana sana. Amana ni kitu anachowekewa mtu akitunze, kisha akirejeshe kwa mwenyewe, umilikaji haubadiliki. Arbuni, au rubuni, ni malipo ya mwanzo yanayoonyesha nia ya kununua, nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. "Ya kuingilia" ni ada, ikishatolewa imekwenda. Mwanafunzi anayetarajia kurudishiwa fedha zake hana budi kuhakikisha kwamba neno lililo kwenye risiti ni la kwanza wala si la tatu. Laiti ningeomba neno moja libadilishwe siku ile, ningelala kitandani kwangu.

5.3 Kauli ya kutendwa

Mikataba hupenda kusema: "Amana itarejeshwa baada ya ukaguzi." Nani atairejesha? Baada ya siku ngapi? Nani atakayekagua? Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na deni lisilo na mtenda halina wa kudaiwa. Sentensi salama ni ya kutenda: "Mwenye nyumba atamrejeshea mpangaji amana katika siku 7 baada ya kuhama." Mtenda yupo, mtendewa yupo, muda upo.

6.0 Sheria na Hati

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yenye hali ya kuridhisha. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, kati ya haki hiyo na mlango wa chumba pana mwanya. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, humlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vingi vya wanafunzi vimekipita kiwango hicho. Kwa walio juu ya kiwango hicho, ngao iliyo karibu zaidi ni mapatano yao wenyewe.

Ipo pia Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu chake cha 57 chaeleza kuwa, upangaji usio na muda maalumu wala sharti la notisi huwa ni wa vipindi, na notisi ya kuukomesha haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi chenyewe. Anayelipa kila mwezi, kwa hivyo, anastahili kupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, naye anawajibika kutoa notisi kama hiyo. Kwa fedha zilizokataliwa kurejeshwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na ambamo mtu anaweza kujiwakilisha. Lakini mahakama yoyote itauliza: maandishi yako wapi?

Mapatano yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni mapatano kamili. Kielelezo kifuatacho chaweza kunakiliwa kwa mkono katika ukurasa mmoja.

HATI YA MAPATANO YA UPANGAJI

1. Mimi ........ (mwenye nyumba) ninampangisha ........ (mpangaji) chumba nambari ........ kuanzia tarehe ........
2. Mpangaji atalipa kodi ya shilingi ........ kila mwezi, kabla ya tarehe ........ Kodi hii inajumuisha ........ na haijumuishi ........
3. Mpangaji ameweka kwa mwenye nyumba amana ya shilingi ........ Mwenye nyumba atamrejeshea mpangaji amana hiyo katika siku ........ baada ya kuhama, akikata tu gharama ya uharibifu usiokuwamo katika orodha iliyo nyuma ya hati hii. Uchakavu wa kawaida si uharibifu.
4. Wakati wa likizo, kuanzia ........ hadi ........, mpangaji atalipa shilingi ........ kwa mwezi.
5. Mwenye nyumba hatapandisha kodi kabla ya tarehe ........
6. Anayetaka kuvunja mapatano haya atampa mwenzake notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi.
Saini za pande mbili, saini ya shahidi, na tarehe.

Nyuma ya hati andika hali ya chumba siku ya kuingia: kioo kilichopasuka, kitasa kinacholegea, rangi iliyobambuka. Piga picha kwa simu siku hiyo hiyo. Ukilipa kwa M-Pesa, hakikisha jina linalojitokeza ni la mwenye nyumba au la mtu aliyetajwa katika hati, na uhifadhi ujumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda msomaji akauliza: mwenye nyumba atakubali kweli kutia saini karatasi ya mwanafunzi? Baadhi watakataa. Lakini kukataa huko nako ni taarifa, tena inatolewa bure, kabla hujalipa. Asiyekubali kuandika kwamba atakurejeshea fedha zako amekwisha kukujibu.

7.0 Kuishi Wawili

Njia iliyozoeleka ya kupunguza gharama ni kushirikiana chumba. Chumba cha pili katika jedwali letu kikikaliwa na wawili, kila mmoja atalipa kodi ya shilingi 2,900. Unafuu huo ni wa kweli, lakini una lugha yake. Ikiwa jina lililo kwenye hati ni moja, mwenye jina hilo ndiye mdaiwa wa kodi yote siku mwenziwe atakapohama katikati ya muhula. Majina yote mawili yaandikwe, au la, wakaaji waandikiane wenyewe: nani ameweka kiasi gani cha amana, nani hununua tokeni, na anayehama atatoa notisi gani kwa mwenzake. Jambo hili huonekana kama kutoaminiana. Ukweli ni kwamba urafiki mwingi wa vyuoni umevunjwa na shilingi ambazo hazikuandikwa popote.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuchagua makazi nafuu ni zoezi la kusoma kabla halijawa zoezi la kulipa. Tangazo lisomwe kwa kutafuta lililonyamaziwa, kodi isomwe pamoja na gharama zinazoandamana nayo, na hati isomwe kwa kumtafuta mtenda katika kila sentensi. Tunapendekeza mambo mawili. Mosi, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae hati sanifu ya upangaji na kuigawa kwa wanafunzi wapya kila mwanzo wa mwaka. Pili, wahadhiri wanaofunza uandishi wa kiuamilifu waitumie hati hiyo darasani kando ya barua na kumbukumbu za mikutano. Tumezoea kulalamika kwamba watu hudharau taaluma yetu wakidai haina faida mitaani. Mtaa huanzia nje ya lango la chuo, na kila Januari na Septemba huwa umejaa vijana wanaotia saini wasichokielewa. Huko ndiko tunakohitajika.

Maswali ya Mjadala

1. Kusanya matangazo matano ya vyumba katika mtaa unaopakana na chuo chako. Ni taarifa zipi zimenyamaziwa katika kila moja, na kunyamaza huko kunamgharimu mpangaji kiasi gani kwa muhula?
2. "Chumba kipo, maji yako, stima imo." Jadili tofauti za maana kwa kurejelea viambishi vya mahali.
3. Geuza sentensi hii iwe katika kauli ya kutenda, kisha uongeze taarifa zinazokosekana: "Uharibifu wote utakatwa kutoka kwenye amana."
4. Ukiwa mpangaji unayehama, andika barua ya notisi kwa mwenye nyumba, ukimkumbusha kwa heshima juu ya amana yako.